Mama wa Chuma Hana Ngata

Video ya pale penyewe sina. Nasema mapema kabisa kwa sababu najua ndilo swali la kwanza mtakaloniuliza. Mimi Nasra, ambaye hata nikipiga mswaki simu iko mkono wa pili, siku kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona kinatokea mbele ya macho yangu, simu nilikuwa nimeiweka juu ya jenereta. Mtaelewa kwa nini. Nipeni dakika.

Anko Thobi mnamjua kama mmewahi kupita Kihonda kwetu. Jina kamili Thobias, mtu wa Songea. Alikuja mkoa huu kijana kabisa, kuchomelea mabomba kwenye kiwanda cha sukari kule Turiani, halafu akaacha akapanga uwanja wa nyuma ya nyumba yetu. Mwanzoni alikuwa anatengeneza mageti na madirisha kama mafundi wengine. Kisha asubuhi moja mama yangu akafungua mlango wa uani akakuta jogoo. Jogoo wa chuma, mrefu kuliko choo chetu, anamchungulia. Mama alipiga ukunga mpaka majirani wakaja na fimbo. Tangu hapo mageti yakapungua, sanamu zikazidi. Kubwa kubwa, za kukaa nje. Yeye anasema chuma kinataka mvua na jua, ukikifungia ndani kinanuna.

Anachechemea kidogo, mguu wa kushoto. Habari ya huo mguu nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuisimulia nikiwa usingizini, ila leo naomba niisimulie vizuri.

Miaka tisa iliyopita alikuwa kwenye pikipiki anapeleka vyuma vya mlango Matombo. Ukishapita Mkuyuni kuna kona, pale kijia cha kutoka mlimani kinapoingia barabarani. Pikipiki ikateleza kwenye kokoto, akaruka, chuma kimoja kikamchana paja. Damu, anasema, ilitoka kama bomba limepasuka. Akalala pale barabarani akijua kabisa kwamba mimi ndiyo basi.

Sasa ilikuwa siku ya soko. Akina mama wa mlimani walikuwa wanashuka na mizigo yao kichwani, ndizi, mananasi, mdalasini. Mmoja akatua mkungu wake, akaja akamkalia goti. Yaani akalikalia kabisa! Akamfunga kitambaa juu ya kidonda, akakikaza kwa kijiti, akakaza, akakaza, mpaka Anko Thobi akamtukana. Ndiyo. Mtu anakuokoa wewe unamtukana. Hapo kwenye kusimulia huwa anainamisha kichwa, na tusi lenyewe hajawahi kulitaja kwa mtu yeyote, hata mama yangu alipombana.

Wakasimamisha gari ya mananasi, wakampakia juu ya mananasi hayo hayo. Kitu cha mwisho alichokiona kabla macho hayajazima ni yule mama anajitwika mkungu wake tena na kuondoka zake. Mgongo umenyooka. Mkungu juu ya kichwa kitupu. Hospitali daktari akamwambia, "Aliyekufunga ndiye aliyekuponya, mimi nimeshona tu."

Jina hakulijua. Uso hakuuona vizuri, jua lilikuwa nyuma yake. Alichobaki nacho ni lile tusi linalomsumbua rohoni, na kile kitambaa, ambacho nesi alimrudishia kwenye mfuko pamoja na suruali iliyochanika. Alikifua, akakikunja, akakiweka ndani ya kofia yake ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, kwa sababu mkanda wake unamkata paji la uso. Miaka tisa. Kila cheche iliyoruka uani kwetu, kile kitambaa kilikuwa kichwani kwake.

Alirudi kumtafuta, tena mara nne. Shida ni akina mama wa mlimani wenyewe. Ukisimama pale kwenye kona ukauliza ni nani aliyenifunga mguu, wanajibu wote kwa pamoja.

"Ni mimi hapa."

"Mwongo huyo, ni mimi. Sasa umekuja kunioa?"

"Mguu upi, baba? Vua suruali tuuone kwanza."

Wanacheka, wanapita, na yeye anarudi Kihonda hajamwambia mtu asante. Mara ya nne aliporudi alikaa uani mpaka chai ikapoa. Akamwambia mama, "Dada, yule mama akifa sijamshukuru, hii miguu nitakuwa natembelea ya wizi."

Basi akaamua. Simjui, lakini nitamsimamisha pale pale kwenye kona. Akipita, atajijua.

Alimtengeneza miezi kumi na minne. Jamani, nilikuwepo! Niliona nyayo kwanza, mbili, kila moja kubwa kama karai. Kisha sketi, na sketi ni majembe. Majembe yaliyolika, yale yaliyobaki kama kijiko, aliyakusanya kwenye vijiji vya huko juu, akayapanga moja juu ya jingine kama vigae, ukimtazama wakati wa jioni unadhani upepo unaipeperusha. Shingo ni spring za Fuso. Mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine umepanda kushika mkungu, na ndizi za mkungu ni mabomba aliyoyakunja kwa moto, moja moja. Urefu mita sita kasoro kidogo. Kichwani nywele za mistari, amezichora kwa grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Na juu ya hizo nywele, moja kwa moja, mkungu.

Mimi ndiye msimamizi wa ukurasa wake. Usiku wa kuamkia safari nikaposti picha, mapenzi yakamiminika, mioyo, makofi, "hongera fundi". Halafu mmoja anajiita Kibwana wa Mkuyuni akaandika: "Huyo mama mtamvunja shingo. Ngata yake iko wapi?"

Nikamjibu kwa vikaragosi vya kucheka. Nikaendelea na mengine. Mimi ni Mluguru, ndiyo, upande wa mama yangu, lakini Mluguru wa Kihonda. Mzigo mkubwa niliowahi kubeba kichwani ni taulo baada ya kuoga. Ngata naijua, nguo unayoisokota duara ukaiweka kichwani ndipo unaweka mzigo, nimeiona maisha yangu yote. Nimeiona hivyo hivyo tu unavyomwona mtu amevaa kandambili. Haikuniingia akilini.

Alfajiri ya siku ya soko tukaondoka. Anko Thobi, mimi, na Geofrey, fundi mwenzake, mtu mzima mwenye sauti nene na maneno machache. Mama wa chuma kalala kwenye lori vipande vitatu, kafunikwa turubai, miguu imetokeza nyuma. Kila tulipopita watu walisimama. Pale Mkuyuni mzee mmoja alivua kofia kabisa, akidhani tumebeba msiba.

Serikali ya kijiji ilishatupa nafasi pale kwenye kona, na msingi wa zege tulikuwa tumeumwaga wiki moja kabla. Tukaanza kumsimamisha kwa mnyororo na miti mitatu. Miguu na sketi ikakaa. Kiwiliwili kikapanda, bolti zikaingia. Kichwa na mkungu wake ndiyo vya mwisho, Geofrey anavuta mnyororo, Anko Thobi yuko juu ya ngazi anaelekeza, mimi chini narekodi kila kitu huku najisemea polepole, polepole, polepole. Tak! Kikaingia. Ukungu ulikuwa ndiyo unaachia mlima. Mama kasimama, anatazama barabara ya kwenda sokoni, majembe yanameta. Geofrey, ambaye huwa hasemi, akasema, "Eeh."

Anko Thobi akashuka, akakaa juu ya jiwe. Akawa anatazama kile kijia.

Na wao hao. Akina mama walianza kutokea mmoja mmoja kwenye migomba, mizigo kichwani, wanaongea. Wa kwanza alipomwona akanyamaza. Wa nyuma yake akamgonga, naye akanyamaza. Wakasimama kama kumi na tano hivi, shingo zimenyooka kwa sababu ya mizigo, wanatazama juu kwa macho tu.  Mimi narekodi.

Halafu mmoja mwenye beseni la mananasi, baadaye nikajua anaitwa Bi Maimuna, akaanza kucheka. Siyo kicheko kidogo. Alicheka mpaka ikabidi ashikwe beseni.

"Jamani njooni muone! Mwanamke kabeba mkungu bila ngata!"

"Wee! Hana kweli!"

"Huyu katoka mjini huyu. Kaazima mkungu apige picha."

"Mtueni, mtueni shoga yetu kabla shingo haijaingia tumboni!"

Wakacheka wote. Mimi nikakumbuka Kibwana wa Mkuyuni, nikahisi joto linapanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Miezi kumi na minne nimekaa naye uani. Mama yangu kazaliwa huko juu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesema.

Anko Thobi akainuka. "Shikamooni mama zangu," akasema, na sauti haikuwa yake. "Mimi sikubuni. Huyu mama nilimwona. Hapa hapa. Alijitwika mkungu kichwa kitupu akaenda zake."

"Marahaba baba," Bi Maimuna akajibu, anafuta machozi ya kucheka. "Lakini hukumwona. Mimi nimebeba tangu nina meno ya utoto. Hakuna mwanamke wa mlima huu anayebeba mkungu bila ngata. Hata mwendawazimu wetu anabeba na ngata."

"Nilimwona, mama."

"Ulikuwa na hali gani ulipomwona?"

Akagusa paja lake. "Nilikuwa natoka damu."

"Ahaa. Basi uliota, baba. Pole sana. Ila ni mzuri, sisemi, sketi yake nzuri. Mvalishe ngata tu, apumue."

Hapo ndipo nilimwona Anko Thobi anazeeka. Siwezi kueleza vingine. Kwa miaka tisa alikuwa na picha moja tu ya yule mama, na sasa wenye mlima wao wanamwambia picha yenyewe ni ya homa. Kama mkungu juu ya kichwa kitupu haukuwepo, labda na mama hakuwepo. Labda alikuwa mwingine kabisa. Anamtafuta nani sasa?

Akaniambia, bila kunitazama, "Nasra, mwambie Geofrey alete nondo nyembamba."

"Anko, lakini wewe ulisema..."

"Wanajua wao. Alete nondo."

Geofrey akaikunja nondo duara, mizunguko mitatu, ikawa ngata kweli. Akawasha jenereta. Akina mama wengine walishaendelea na safari yao, wengine wakatua mizigo wakakaa kungojea, maana moto wa kuchomelea ni sinema ya bure. Anko Thobi akapanda ngazi na kofia yake kwapani. Akafika juu. Akaigeuza kofia ili aivae, kile kitambaa kikaning'inia.

"Wewe uliye juu ya ngazi! Hebu subiri!"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Kwenye kijia, nyuma ya wote, alikuwa anashuka mama mmoja mtu mzima, kama miaka sitini na zaidi, polepole kwa fimbo, mkungu mmoja kichwani. Chini ya mkungu alikuwa ameweka ngata ya majani makavu ya mgomba, na ilikuwa inamfumukia njiani, mabaki yamemjaa mabegani kama mtu aliyelala kwenye zizi.

"Bi Mwaisha!" Bi Maimuna akaita. "Na wewe leo umeshuka? Magoti je?"

"Binti kajifungua jana, nani atashuka badala yangu, wewe?" Akatua mkungu wake, akaegemea fimbo, akaendelea kutazama juu. Hakuwa anamtazama mama wa chuma. "Baba, hicho kitambaa umekitoa wapi?"

Anko Thobi akashuka ngazi. Nilihesabu, vidato kumi na viwili, na kila kidato na mguu wake ule. Akamwekea kofia mikononi.

Bi Mwaisha akakichomoa kitambaa. Kilikuwa vipande viwili vya khanga, kimoja kilikuwa chekundu zamani, kingine cha korosho za bluu, vimeunganishwa. Akapitisha kidole kwenye mshono. Uzi wa kijani, ule wanaofumua kwenye viroba.

"Huu mkono wangu," akasema. "Uzi wa sindano uliniishia, nikashona na wa kiroba. Hii ni ngata yangu."

Jamani. Jamani! Hata jenereta nadhani ilinyamaza.

"Nilimfunga nayo mtu hapa," akaendelea, kama anayesema habari za jana. "Mwanamume mmoja kajichana. Khanga ya kujitanda siku ile sikuwa nayo, nikavua ngata kichwani. Nikaenda hadi sokoni na mkungu kichwa kitupu. Siku moja tu maisha yangu yote nimebeba hivyo, na shingo iliniuma wiki nzima. Mume wangu akawa ananilisha kama kifaranga." Sasa ndiyo akamtazama mama wa chuma, kuanzia nyayo, majembe, mpaka juu.  "Kumbe uliniona."

 Miaka tisa Anko Thobi anafanya mazoezi ya kusema asante, na pale ilipotakiwa haikutoka. Kilichotoka ni, "Mama, ndiye wewe kweli?"

Na hapo Bi Mwaisha akatabasamu, meno machache lakini yote yakashiriki. "Unataka uhakika? Inama."

Akainama. Akamnong'oneza sikioni. Neno moja, labda mawili. Anko Thobi, mtu mzima wa miaka hamsini, mtengeneza majogoo, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Alisema nini?" Bi Maimuna akarukia. "Bi Mwaisha, alikwambia nini?"

"Aliniambia kitu ambacho mume wangu katika miaka arobaini hakuwahi kuthubutu."

"Nisamehe, mama," Anko Thobi akasema ndani ya viganja vyake. "Nisamehe. Na asante. Asante mama. Asante."

Mara ngapi alisema sijui. Alianza kulia, na akina mama waliokuwa wanamcheka saa ile ile wakaanza kumpigia vigelegele, Bi Maimuna kwa sauti kuliko wote, halafu akageuka akawatangazia wenzake kwamba yeye tangu mwanzo alijua fundi hadanganyi. Mimi simu nimeinyanyua, nalia, narekodi, sioni kitu.

Bi Mwaisha alimwacha alie kiasi. Kisha akampiga piga mgongoni. "Haya. Inatosha, baba. Mguu unatembea?"

"Unatembea, mama."

"Basi ndiyo asante yenyewe. Mimi soko litanipita."

Akakishika kile kitambaa, akakikung'uta, vumbi la chuma likaruka. Kina matundu ya cheche kila mahali. Akakisokota, mara mbili, mara tatu, kikawa duara, akayapangusa majani makavu kichwani na kuiweka ngata yake mahali pake. Yaani ikakaa kama haijawahi kuondoka.

"Nitwishe," akamwambia.

Anko Thobi akainama kwenye mkungu. Mkungu ulikuwa mkubwa, wa ndizi mzuzu, na mguu wake ukakataa kumnyanyua upesi. Bi Mwaisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwali, weka hicho kidude chini, shika upande huu. Au simu ndiyo itanitwisha?"

Nikaiweka juu ya jenereta. Kwa hiyo mnaona. Nilikuwa na mikono miwili tu. Tuliuinua pamoja, mimi na Anko Thobi, tukaushusha taratibu juu ya ile ngata. Nikasikia uzito unatoka mikononi mwangu na kuingia kwake, shingo ikaupokea, mgongo ukanyooka. Mikono ya Anko Thobi ilichelewa kuachia. Aliushikilia ule mkungu sekunde kadhaa zaidi, mpaka Bi Mwaisha akasema, "Niachie sasa, ni wangu."

Akaachia.

Akaenda na fimbo yake, wenzake wakajitwika wakamfuata. Alipopita chini ya mama wa chuma, nilimtazama huyu, nikamtazama yule. Mgongo ni ule ule. Anko Thobi akaita tena, "Asante mama!" Hakugeuka, mwenye mkungu kichwani hageuki. Akainua fimbo tu, na akazidi kwenda.

Geofrey alikuwa bado amesimama chini ya ngazi na ile duara ya nondo mkononi.

"Sasa hii ngata," akauliza, "niichomelee au?"

"Hapana," Anko Thobi akasema. Alikuwa anajipapasa paji la uso, pale palipokuwa na kitambaa. "Ngata yake imekwenda sokoni."